Binti yangu, baiskeli na mteremko wa Muze

Mpenzi msomaji, wiki iliyopita niliahidi tuendelee na mada ya bajeti ya nyumbani. Naomba uniwie radhi, mada hiyo itasubiri kidogo kwa sababu ya ujumbe niliotumiwa na mama mmoja wa Laela, mkoani kwetu Rukwa.

Binti yake ameanza kidato cha kwanza. Shule iko mbali, na mtoto anatembea zaidi ya saa moja kwenda na zaidi ya saa moja kurudi. Mjomba wa mtoto amejitolea kumnunulia baiskeli, lakini baba hataki. Anasema barabara ni hatari, na mtoto wa kike juu ya baiskeli hapendezi. Mama anauliza afanye nini, maana hataki ugomvi ndani ya nyumba, wala hataki kuona mtoto anachoka kabla hata hajafika darasani.

Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Nilicheka kidogo, kisha nikaona aibu, kwa sababu baba anayesemwa hapo ni kama mimi nilivyokuwa miaka minane iliyopita. Badala ya kutoa ushauri wa juu juu, leo nitasimulia yaliyonikuta.

Nilikataa mara tatu

Tulikuwa tunaishi pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Binti yangu alikuwa kidato cha pili, na shule yake ilikuwa umbali wa kilomita 6 hivi kutoka nyumbani. Aliniomba baiskeli mara tatu.

Mara ya kwanza nilimwambia hela hakuna, na kweli haikuwepo. Mara ya pili nilisema barabara ina magari mengi. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka, nikatamka maneno ninayoyajutia hadi leo. Nilimuuliza ni msichana gani mwenye heshima zake anaonekana anakanyaga baiskeli mjini. Mama yake aliniangalia tu, akaendelea kuchambua maharage. Binti naye alinyamaza, na hakuomba tena.

Muhula uleule mwalimu wake wa darasa akaniita. Mtoto anachelewa, tena si mara moja wala mbili. Vipindi vya kwanza vinampita, hesabu imeshuka. Nilirudi nyumbani nikamgombeza kwamba anazembea njiani na anapiga soga na wenzake. Alisimama ameinamisha kichwa, akasema, "Samahani baba." Nikaona kazi yangu ya ubaba nimeimaliza.

Ikafika likizo ya mwezi wa sita. Mama yangu mzazi anaishi Muze, kule chini kwenye Bonde la Ziwa Rukwa, na alikuwa ametuma salamu kwamba anataka kumwona mjukuu wake. Binti akasema, "Baba, kwa nini tusiende kwa baiskeli? Baba mdogo ataniazima ya kwake."

Nilikubali, lakini nia yangu haikuwa nzuri. Nilijua njia ya Muze inapitia milima ya Mbizi. Nikajisemea moyoni, mwache aende, akifika kwenye milima ile atachoka, atalia, na habari za baiskeli zitakwisha zenyewe.

Asubuhi ya uwandani

Siku mbili kabla ya safari binti alipeleka baiskeli yake kwa fundi, chini ya mti pale jirani. Alisimama hapohapo hadi fundi akabadilisha raba za breki, akakaza cheni na kujaza upepo. Akaniambia, "Baba, na yako ipeleke." Yangu ni Phoenix ya zamani niliyoizoea kama kiatu. Nikamjibu haina shida.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wewe unayesoma ukiwa Dar es Salaam au Tanga huenda hujui baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Vidole vinakufa ganzi kwenye usukani na pumzi inatoka kama moshi. Hewa yenyewe ni nyepesi, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Mgeni akipanda kilima kidogo tu anahema kama aliyekimbizwa.

Lakini ni nchi nzuri ya kupita taratibu. Mahindi yalikuwa yanavunwa, mabua yamelala mashambani, na maharage yameanikwa uani kwenye maturubai. Kila kijiji kina tanuri lake la matofali. Tulipishana na baiskeli zilizobeba mkaa, mahindi, hata mbuzi mmoja aliyefungwa vizuri kwenye keria akitazama njia kama abiria aliyelipa nauli. Magari yalikuwa machache mno. Kuna wakati tulikwenda zaidi ya nusu saa tukisikia cheni zetu tu na watoto wanaokimbia pembeni wakipiga kelele za salamu. Kwenye basi hao watoto huwaoni kabisa. Kwenye baiskeli unawajibu mmoja mmoja, na ukinyamaza utaonekana huna adabu.

Njiani nilimweleza habari za malungu, zile tanuru ndefu za udongo, refu kuliko mtu, ambazo Wafipa walizitumia kuyeyusha chuma cha majembe na mashoka kabla ya majembe ya dukani kuja kuiua kazi hiyo. Nilidhani namfundisha. Kumbe shuleni walishasoma habari za ufuaji chuma, na akaanza kuniuliza mimi: mkaa ulikatwa wapi, nani aliubeba, wanawake walifanya kazi gani? Nilijibu mawili matatu, mengine nikajifanya natazama njia.

Tulipoanza kupanda Mbizi, nikajua sasa ndipo mtoto atakaposhindwa. Palipokuwa pakali alishuka, akaisukuma baiskeli polepole bila haraka, kisha akapanda tena. Mimi sikushuka. Nilisimama juu ya pedali nikikanyaga kwa nguvu zote ili anione baba yake bado yumo. Nusu ya mlima, misuli ya paja ikanikaza hadi nikaegemea mti. Alinipita akisema, "Pole baba." Hakuwa ananicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilivyoanguka

Ukifika ukingoni, nchi inakatika. Mbele yako Bonde la Rukwa limelala kule chini, na ziwa linang'aa kwa mbali kama bati. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Maana yake, kutoka uwandani hadi kando ya ziwa unashuka karibu kilomita nzima kwenda chini. Mwaka ule barabara ya mteremko ilikuwa bado ya changarawe, kona moja ikifuata nyingine, upande mmoja mlima na upande mwingine korongo.

Hapo tulikuta wanaume watatu wakipumzika. Walikuwa wametoka bondeni wakisukuma baiskeli moja yenye magunia mawili ya mpunga. Mzee wao alitutazama, akatazama baiskeli zetu, akamwambia binti yangu, "Mjukuu wangu, kupanda kutakuchosha tu. Kushuka ndiko kunakoumiza. Ukiona kona hujaimaliza kwa macho, teremka utembee."

Binti akaitikia, "Ahsante babu." Mimi niliona maneno yale ni ya watoto.

Kona ya kwanza nikapita. Ya pili nikapita. Upepo ukanipuliza usoni, nikajisikia kijana wa miaka ishirini. Binti alikuwa nyuma, akishuka kidogo, akisimama, mahali pakali akitembea. Kona ya tatu nikaminya breki ya nyuma, na haikushika. Raba zilikuwa zimeisha, zile zile nilizosema hazina shida. Nikaminya ya mbele kwa nguvu, katikati ya kona, juu ya kokoto zilizolegea. Tairi la mbele likateleza, na nikajikuta kwenye mtaro upande wa mlima. Nilishukuru Mungu haukuwa upande wa korongo.

Kiwiko kilichubuka, kiganja kikachanika, suruali ikapasuka gotini. Nilimsikia binti akiita, "Baba! Baba!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau. Alilaza baiskeli yake pembeni mwa barabara, akaja mbio, akaniosha kidonda kwa maji ya kunywa, kisha akavua mtandio wake akanifunga mkono. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.

Nilisimama, nikanyoosha usukani, nikataka kupanda tena. Akashika baiskeli yangu kwenye keria.

"Baba, tutembee."

Tukatembea.

Alichoniambia njiani

Mzazi mwenzangu, kuna mazungumzo ambayo hayawezekani mkiwa mmekaa sebuleni mnatazamana. Ukimwita mtoto ukamwambia, "Kaa hapa, niambie kuna nini," atakwambia hakuna kitu. Siku ile tulikuwa tunasukuma baiskeli bega kwa bega, macho yetu yote barabarani, na mimi baba mtu nimefungwa mtandio wa mtoto mkononi. Sikuwa tena na sauti ya kugombeza.

Tulikwenda kona kama mbili bila kusema kitu. Kisha akaniuliza, "Baba, unajua kwa nini nachelewa shule?"

Nikamwambia sijui.

Akasema kwenye njia panda ya kwenda shuleni kuna kijana wa bodaboda. Mwanzoni alikuwa anasalimia tu. Baadaye akawa anampa lifti ya bure. Alipanda mara mbili, siku za mvua. Mara ya tatu kijana akamletea chipsi, kisha soda, kisha akamwomba namba ya simu ya nyumbani. Alipokataa, kijana akaanza kumwambia mbele za watu kwamba ana deni lake na lazima alilipe. Tangu hapo mtoto alikuwa akijificha nyuma ya duka hadi kijana apate abiria aondoke, au azunguke kwenye mashamba, njia ndefu yenye umande na matope. Ndiyo maana alichelewa. Wenzake wawili waliendelea kupanda, na mmoja wao alishaacha kuja shule.

Akamalizia kwa kusema, "Ningekuwa na baiskeli nisingehitaji kumjibu kitu. Ningepita tu."

Niliuliza swali ambalo kila mzazi huuliza: mbona hukuniambia?

"Ungesema nimejitakia, baba."

Ningependa kukuandikia kwamba nilimkatalia. Sikuweza, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ndivyo ambavyo ningesema. Mimi nilikuwa naogopa malori na maneno ya watu, wakati mwanangu kila asubuhi anapambana na jambo ambalo sikuwahi hata kuliuliza. Nilimnyima baiskeli kwa ajili ya usalama wake, na kumbe nilikuwa nimemwacha kwenye hatari kubwa zaidi.

Nisieleweke vibaya hapa. Vijana wa bodaboda wengi wanatafuta riziki kwa jasho lao, na mdogo wangu aliyetuazima baiskeli ni mmoja wao. Mwenye kosa ni yule anayemtafuta mtoto wa shule, awe na pikipiki, duka au chaki mkononi.

Tulifika Muze jua likiwa kali. Bondeni ni nchi nyingine kabisa. Joto linaongezeka nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo sweta tulizoondoka nazo zilikuwa mzigo, na mbele yetu kulikuwa na miembe, majaruba ya mpunga na ng'ombe wengi. Binti alipiga goti, "Shikamoo bibi." Mama yangu akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," akanitazama mimi mkono na suruali, akasema, "Ameanguka mkubwa, mdogo amefika mzima?" Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akatupa habari ambayo sikuwahi kuisikia: alipokuwa msichana alikuwa akiupanda mlima ule kwa miguu na mama yake, wamebeba samaki wakavu kichwani kwenda kuuza Sumbawanga. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama inapendeza.

Kurudi hatukupanda mlima. Tulipanda gari la abiria, baiskeli zikafungwa juu. Baiskeli ni kitu kizuri, lakini si lazima kila safari uimalize juu yake.

Tulichofanya baadaye

Kwanza, mimi na mama yake tulikwenda kwa mwalimu, kisha kwa mtendaji wa kata, na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda akaitwa. Kijana yule alionywa mbele ya wenzake, na hakuonekana tena pale njia panda. Mzazi, usiogope kufika huko. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na mtu anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumwoa, anaweza kufungwa miaka 30. Lakini usisubiri yafike huko. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kuna namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116, ambayo hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Pili, tuliuza magunia mawili ya maharage tukanunua baiskeli iliyotumika. Muhula uliofuata mwalimu hakuniita tena.

Hili si la nyumba yangu tu. Hapo jirani zetu Zambia, wasichana waliokuwa wanaishi zaidi ya kilomita 3 kutoka shuleni walipewa baiskeli, na watafiti wakawafuatilia. Muda wa kwenda shule ulipungua kwa karibu theluthi moja, na siku za kukosa masomo zikapungua kwa takriban robo. Huko India, jimbo la Bihar lilianza mwaka 2006 kuwapa baiskeli wasichana wanaoingia sekondari. Idadi ya walioandikishwa iliongezeka kwa karibu theluthi, hasa vijijini ambako shule ziko mbali. Kule nako kulikuwa na akina baba waliosema haipendezi. Wasichana walipoanza kupita kijijini kwa makundi, watu wakazoea.

Kabla ya kumkabidhi mtoto baiskeli

Sasa nirudi kwa mama wa Laela na wengine mnaowaza jambo hili. Haya nimejifunza kwa kiwiko changu.

*Jaribu breki wewe mwenyewe.* Minya breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele. Tairi la mbele lisizunguke. Fanya hivyohivyo kwa ya nyuma. Tazama raba, zikiwa zimekwisha, badilisha siku hiyohiyo. Bei yake ni ndogo kuliko kidonda kimoja.

*Baiskeli imtoshe.* Akikaa kwenye kiti, ncha za vidole vya miguu zifike chini. Baiskeli ya baba yenye bomba refu katikati si ya mtoto wa miaka 13. Kama kiti kinashuka, mwombe fundi akishushe.

*Mfundishe kushuka kabla ya kupanda.* Tafuta mteremko mdogo usio na magari. Mwambie apunguze mwendo kabla ya kona, asisubiri kubana breki akiwa ndani ya kona. Atumie breki zote mbili taratibu, na kwenye changarawe ya mbele aiguse kidogo tu. Mkaze aelewe hesabu hii: kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kila sekunde anakwenda zaidi ya mita 5. Kwa kilomita 40 ni mita 11. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kubana breki unaongezeka karibu mara nne. Mteremko mrefu asimame mara kwa mara, apumzishe breki na mikono. Palipo pakali ateremke atembee, na asione haya hata kidogo.

*Nguo na mzigo.* Sketi ya shule hupenda kuingia kwenye cheni. Avae taiti ndani, sketi aikusanye, na baiskeli iwe na kava ya cheni. Madaftari yafungwe kwenye keria kwa mpira, yasining'inie kwenye usukani. Asibebe mwenzake.

*Aonekane.* Akae upande wa kushoto, na wakiwa wawili au zaidi waende mmoja nyuma ya mwingine. Awe na kengele, taa, na vibandiko vya kuakisi mwanga mbele na nyuma. Ukipata kofia ngumu, mnunulie. Asubuhi za ukungu na jioni za giza asipande kama hana taa.

*Barabara kimya si salama kwa sababu tu ni kimya.* Kwenye njia isiyo na magari mtoto husahau, huenda katikati, na gari moja linalokuja linamkuta hayuko tayari. Mama wa Laela, ninyi mko kwenye barabara kuu ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye mabasi na malori ya mizigo. Kama kuna njia ya ndani inayopita vijijini, hata ikiongeza kilomita moja, mtoto apite huko. Kama hakuna, apite pembeni kabisa, na kwenye kuvuka barabara ateremke, atazame pande zote, avuke akiisukuma.

*Asiende peke yake.* Tafuta wazazi wengine wawili watatu wenye shida kama yako. Wasichana watatu wenye baiskeli, wanaotoka saa moja ileile kila asubuhi, ni vigumu kusumbuliwa na mtu.

Na kuhusu baba watoto, mama yangu, usibishane naye. Mwombe jambo moja tu: siku moja, kabla hajasema ndiyo au hapana, aende na binti yake shuleni kwa njia ileile anayopita, kwa saa ileile anayoondoka, kwa miguu au kwa baiskeli ya kuazima. Asimhoji, atembee naye tu. Akirudi nyumbani mwulize aliona nini njiani.

Binti yangu sasa yuko chuo, mbali na Rukwa. Juzi alinipigia simu jioni kunijulia hali, na kabla hajakata akaniuliza kama siku hizi nakagua breki.

Nilimwambia nimebadilisha raba mwezi uliopita. Akasema, "Haya baba, nitamuuliza mama."

Tukutane wiki ijayo, na safari hii nitazungumzia bajeti kweli.